Olimpos: shuka kabla Zeus hajakusanya mawingu

Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, ameusifia Olimpos, mlima wa Ugiriki, kwa namna mbili zisizopatana. Mahali pamoja anasema makao ya miungu hayatikiswi na upepo, hayaloweshwi na mvua wala hayaguswi na theluji. Mahali pengine, tena mara nyingi, anamwita Zeus, mkuu wa miungu hao, "mkusanya mawingu". Anayekwenda kuupanda mlima huu na aliamini hilo la pili. Katika miezi ya kiangazi, asubuhi nyingi hupambazuka anga likiwa jeupe, na ukigeuka nyuma unaiona bahari yote. Ikifika saa tano mawingu madogo yanaanza kuchipuka makorongoni. Saa saba vilele vimezibwa. Alasiri inanguruma radi. Saa ya kuamka, njia ya kupita na hata uzito wa begi vyote hupangwa kwa kuitazama saa hiyo ya mawingu.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kutoka kilele cha Mytikas, chenye mita 2,917, hadi ufukweni mwa bahari ya Aegean ni chini ya kilomita 20 kwa mstari ulionyooka. Jua likiipasha miteremko, hewa yenye unyevu wa baharini inapanda, inapoa na kugeuka wingu papo hapo juu ya mlima, huku kule pwani watu wanaogelea juani. Ndiyo maana utabiri wa mji wa Litochoro haufai kuutegemea. Tafuta utabiri wa vilele vyenyewe, kisha jioni muulize anayesimamia nyumba utakayolala.

Waliokwisha kufika Kilimanjaro huudharau urefu huu. Mita 2,917 ni juu kidogo tu ya vibanda vya Mandara kwenye njia ya Marangu, na pale mtu bado hajatoka msituni vizuri. Kweli, ugonjwa wa mwinuko si hofu kubwa Olimpos. Lakini Kilimanjaro kwa njia ya kawaida unakwenda kwa miguu mpaka Uhuru, tena nyuma ya mwongozaji, na mpagazi amekuchukulia mzigo. Olimpos hakuna wapagazi, begi ni lako, na kipande cha mwisho kinapandwa kwa mikono na miguu juu ya jiwe tupu lenye genge pembeni. Mlima huu haukuchoshi kwa kukosa hewa. Unakudai utulivu wa kichwa na mahali sahihi pa kuweka mguu.

Njia inayotumiwa na wengi huanzia Litochoro, mji mdogo wa wilaya ya Pieria, ambao unafikiwa kutoka Thessaloniki kwa basi au treni kupitia Katerini. Stesheni ya treni iko chini karibu na bahari, si mjini, kwa hiyo weka akiba ya nauli ya teksi. Kutoka mjini hadi Prionia, mwisho wa barabara kwenye mita 1,100, ni kilomita 18, na hapo pia ni teksi au gari lako. Kwa Mtanzania au Mkenya kuna viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo inataka bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Usome mkataba wa bima hiyo mstari kwa mstari. Bima nyingi za bei nafuu hufidia matembezi ya njia za miguu lakini huacha nje ukweaji wa miamba, na kipande cha Mytikas kinaweza kuhesabiwa huko.

Kabla ya kuchukua teksi, fikiria korongo la Enipeas. Njia ya miguu inatoka Litochoro penyewe, inavuka mto mara kadhaa kwa madaraja ya mbao na kutokea Prionia baada ya saa tano hivi. Ni sehemu ya njia ndefu ya Ulaya iitwayo E4. Njia haiendi juu moja kwa moja. Inapanda na kushuka, kwa hiyo jumla ya mpando ni kubwa kuliko tofauti ya mita kati ya mji na Prionia. Baada ya mvua kubwa madaraja huweza kuharibika, basi uliza mjini kabla ya kuingia. Karibu na mwisho wake kuna magofu ya monasteri ya Mtakatifu Dionysios, iliyoanzishwa katika karne ya 16 na kulipuliwa na wanajeshi wa Ujerumani mwaka 1943.

Humo korongoni tazama miamba yenye kivuli. Kuna mmea mdogo umejibana kwenye nyufa, majani yake yamelala kama sahani na kufunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyong'aa kama fedha. Mwezi wa Mei na Juni unatoa maua ya zambarau hafifu. Ni Jankaea heldreichii, usioota porini popote duniani isipokuwa Olimpos. Umenusurika tangu zama ambazo Ulaya ilikuwa na joto zaidi. Ukoo wake mwingi uko nchi za joto, na mmoja wa jamaa zake ni Saintpaulia, lile ua la Milima ya Usambara linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima. Usiuguse wala usiung'oe. Olimpos ni hifadhi ya taifa tangu 1938, ya kwanza Ugiriki, na mmea huu hauvumilii kuhamishwa.

Prionia ina mgahawa na bomba la maji ya chemchemi. Jaza kila chupa uliyonayo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu korongo walilopitia lina mto unaonguruma, na wanadhani huko juu nako patakuwa na vijito. Hakuna. Mlima ni wa mawe ya chokaa na marumaru. Mvua na theluji inayoyeyuka huzama kwenye nyufa na kupotelea ardhini. Chukua lita moja na nusu kwa mpando wa siku ya kwanza, na lita mbili hadi tatu kwa siku ya kilele. Kibao chenye neno ΝΕΡΟ maana yake maji. Herufi inayofanana na P ni R kwa Kigiriki, husomwa "nero", na ukilijua hilo moja umeshaanza kusoma vibao vya njiani: ΠΡΙΟΝΙΑ ni Prionia, ΣΚΑΛΑ ni Skala, kilele utakachokifikia kabla ya Mytikas.

Kutoka Prionia hadi kimbilio la Spilios Agapitos, mita 2,100, ni saa mbili na nusu hadi tatu na nusu. Wagiriki huziita nyumba hizi katafygio, na tafsiri yake ni hiyohiyo: kimbilio. Njia ni pana na imepigwa kona nyingi, kwanza kwenye miti ya fagasi, kisha misonobari ambayo kadiri unavyopanda inazidi kuwa mifupi na kupindwa na upepo. Nenda pole pole kama wanavyofundishwa wapandaji wa Kilimanjaro: kasi ambayo unaweza kuongea bila kukata pumzi. Nyumba hupelekewa chakula na nyumbu wa mizigo, wazao wa punda na farasi. Ukisikia kengele zao, simama upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Mzigo wa nyumbu umetokeza kando, naye hapimi nafasi yako. Akikusukuma ukiwa upande wa mlima utaegemea udongo; ukiwa upande wa pili hakuna cha kuegemea.

Kimbilio hilo hufunguliwa kuanzia takriban katikati ya Mei hadi Oktoba. Agiza kitanda mapema, hasa kwa Jumamosi ya Julai na Agosti. Beba fedha taslimu na shuka la mfuko la kulalia. Buti huachwa mlangoni na ndani unavaa ndara. Chakula ni supu ya maharage, tambi, na chai ya majani ya mlimani ambayo inapendeza zaidi kwa asali. Taa huzimwa mapema, karibu saa nne usiku, basi panga begi la asubuhi kabla ya hapo: taa ya kichwani juu kabisa, koti la mvua chini yake, sweta, glovu, maji, njugu au tende, filimbi, simu imejaa chaji. Hata Agosti. Joto hupungua nyuzi sita hivi kila unapopanda mita elfu moja, kwa hiyo Litochoro ikiwa na nyuzi 32, kileleni tarajia 15 au 16, na upepo ukiongezeka mwili unahisi pungufu ya hapo.

Siku ya kilele, toka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kuanza usiku wa manane kama Kibo hakuna faida, maana kipande kigumu kinataka mwanga wa kuonea jiwe unalolishika. Kutoka kimbilio hadi Skala ni mpando wa mita karibu 770 na saa mbili na nusu hadi tatu. Miti inakwisha baada ya muda mfupi. Ukifika njiapanda, mkono mmoja unakwenda Skala na mwingine unashika Zonaria, njia inayokatiza chini ya miamba mikubwa kuelekea Uwanda wa Muse, yaani miungu wa kike wa sanaa. Wa Skala wanaendelea juu kwenye changarawe inayoteleza. Hapa fimbo za kupandia zina kazi.

Pembeni ya Skala, upande wa pili, ardhi inakatika. Panaitwa Kazania, yaani masufuria: genge la mita mia kadhaa ambalo ukungu huchemka ndani yake kama mvuke chunguni. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Hephaestus, mungu wa wafua vyuma, alirushwa kutoka Olimpos, akaanguka kutwa nzima na kutua kisiwani Lemnos jua linapozama. Aliyesimama ukingoni pale anaelewa kwa nini hadithi ya kuanguka iliwekwa kwenye mlima huu. Usitoke kwenye njia kwa ajili ya picha. Ukingo umeoza na mawe yake yamekaa kama biskuti zilizopangwa.

Skala ndipo pa kuamua, na uamuzi ufanywe kwa vitu vinavyoonekana, si kwa hamu. Ni saa ngapi? Ikiwa imepita saa nne asubuhi, Mytikas isubiri siku nyingine. Mwamba umelowa? Chokaa iliyolainishwa na maelfu ya buti ikipata maji inateleza kama sabuni. Kuna wingu ndani ya Kazania linalopanda? Upepo unakuyumbisha ukiwa umesimama wima? Jibu moja la ndiyo linatosha. Tena hupotezi kitu kikubwa: kilele cha Skolio, mita 2,911, kiko dakika 20 au 30 kwa matembezi ya kawaida, na kutoka hapo ndipo Mytikas na Stefani zinapoonekana vizuri kuliko mahali pengine popote. Stefani ndicho kinachoitwa kiti cha enzi cha Zeus, na kwa sura yake, ukuta mmoja mrefu uliopinda kama mgongo wa kiti, jina limekaa sawasawa.

Waliopata jibu la hapana mara zote wafunge fimbo ndani ya begi, wakaze mikanda, wavae kofia ngumu. Iwe ya wapanda miamba, yenye mkanda wa kidevuni. Ile ya ujenzi inaanguka unapoinama. Mbele yako ni Kaki Skala, ngazi mbaya. Jambo linalowashtua wageni ni kwamba unaanza kwa kushuka. Unageuza uso kwenye mwamba, tumbo likiwa karibu nao, na kushuka hatua kwa hatua ukifuata alama za rangi zilizopakwa mawe. Kanuni ni viungo vitatu mwambani wakati wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kabla ya kuning'iniza uzito, gonga jiwe kwa kiganja. Lililoshikamana linatoa sauti nzito. Lililoachia linalia tupu kama debe. Jiwe unalolishika usilivute kuelekea kwako, libonyeze kwenda chini.

Alama zikipotea, umekosea. Rudi hadi ya mwisho uliyoiona, usijaribu "kukata" kwenda juu. Ajali nyingi za mahali pa namna hii zina mfululizo uleule: mtu anapitwa na alama, anapanda mita kumi kwa urahisi, kisha anagundua kwamba kushuka palepale hakuwezekani. Mkipishana na wanaorudi, asubiri aliye mahali papana zaidi. Kwa mtu mzoefu kipande chote huchukua dakika 45. Kwa mgeni, saa nzima au zaidi. Kama hujawahi kukwea jiwe kwa mikono, kodi mwongozaji wa mlima mwenye kibali na umwambie alete kamba.

Njia ya pili ya Mytikas ni Louki, mfereji ulionyooka unaopanda kutoka Zonaria. Ni mfupi na wengine huuona rahisi kuliko Kaki Skala. Mimi siupendi, na sababu ni moja: kila jiwe linaloguswa juu linapita mlemle ulimo wewe. Mawe huangushwa na watu, na pia na swala-mbuzi wa milimani wanaolala kwenye miamba ya juu. Anayeutumia awe wa kwanza asubuhi, kabla ya msururu. Mwezi wa Juni unaweza kuwa bado na theluji ngumu, na hapo bila sululu ya barafu na miiba ya viatuni usiuingie. Ukiona jiwe linaanguka piga kelele "Petra!", neno la Kigiriki la mwamba ambalo Wakristo wanalijua kupitia jina la Petro. Ukilisikia wewe, usitazame juu: jibane ukutani, begi lilinde shingo.

Waliofika Mytikas kwanza, kwa kumbukumbu zilizoandikwa, ni Christos Kakalos wa Litochoro na Waswisi wawili, Frédéric Boissonnas na Daniel Baud-Bovy, tarehe 2 Agosti 1913. Wa kale hawakujenga huko. Sadaka zao waliziweka kwenye kilele cha Agios Antonios, zaidi ya mita 2,800, ambapo mwaka 1961 yalipatikana majivu, mifupa ya wanyama waliochinjwa, sarafu na maandishi ya kumtukuza Zeus. Nalishangaa kila nikilifikiria: walimwendea mungu wao mahali ambapo mnyama wa sadaka anaweza kufikishwa kwa miguu, wakamwachia mwenyewe ile miamba.

Kileleni usikae zaidi ya dakika 20. Macho yakielekea kusini utauona Ossa, ambao leo huitwa Kissavos, mlima ambao majitu mawili, Otus na Ephialtes, walitaka kuubandika juu ya Olimpos na kuweka Pelion juu yake ili waifikie mbingu.

Ikitokea umechelewa na radi imekukuta, hesabu kuanzia mmeko hadi mngurumo. Chini ya sekunde 30 maana yake tufani imeshakufikia, iko ndani ya kilomita kumi. Shuka kutoka kwenye ukingo, hata mita 50 zina maana. Weka fimbo za chuma mbali. Achaneni, msikae kundi moja. Usijifiche kwenye mdomo wa pango fupi, kwa sababu umeme hupita juu ya mwamba na kuruka uwazi uliomo mtu. Chuchumaa juu ya begi, miguu pamoja. Namba ya dharura ni 112, na mtandao unapatikana zaidi kwenye kingo kuliko mabondeni.

Kwa asiyetaka mwamba kabisa ipo njia ya Gortsia kupitia Petrostrouga hadi Uwanda wa Muse, saa sita hivi, yenye mandhari wazi pande zote mbili. Juu kuna makimbilio mawili, Kakalos na Apostolidis, kwenye mita 2,650 hadi 2,700, yakitazamana na ukuta wa Stefani. Muse tisa, binti za Zeus na Mnemosyne, mungu wa kike wa kumbukumbu, walizaliwa Pieria hii, na uwanda umepewa jina lao. Maji huko ni ya kununua. Nusu saa kutoka hapo kuna kilele cha Profitis Ilias, mita 2,803, chenye kikanisa cha mawe. Ni Nabii Eliya, yule aliyeomba mvua ikanyesha. Wagiriki huyaweka makanisa yake juu ya vilele tangu zamani.

Kushuka kutoka Mytikas hadi Prionia siku hiyohiyo ni mita 1,800, na magoti ndiyo yanayolipa. Refusha fimbo kidogo kwa mteremko, kaza kamba za buti ili vidole visigonge mbele, na pumzika kimbilioni saa nzima hata kama hujachoka. Watu wengi hupinda kifundo cha mguu katika nusu saa ya mwisho, kwenye njia pana isiyo na hatari yoyote, kwa sababu wameshaacha kutazama wanapokanyaga.

Siku inayofuata nenda Dion, chini ya mlima upande wa bahari. Ulikuwa mji mtakatifu wa wafalme wa Makedonia, jina lake linatokana na Zeus, na Aleksanda Mkuu alitoa sadaka hapo kabla ya kuvuka kwenda Asia. Pausanias, msafiri wa karne ya 2, aliandika simulizi la wenyeji: wanawake waliomuua Orpheus, mwimbaji wa hadithi za Kigiriki, walitaka kunawa damu mtoni, mto ukakataa, ukazama ardhini, ukaja kutokea mbele kwa jina lingine. Ukiwa umetoka kutembea siku mbili kwenye mlima usio na kijito, utajua walikuwa wakieleza nini. Maji yanatokeza Dion kila upande, kwenye matete, kati ya nguzo, hata ndani ya hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri, ambako nakala za sanamu zimesimama ndani ya dimbwi. Ingiza mkono. Ni ya baridi hata mwezi wa Agosti.